Tairi Gani kwa Rimu Mpya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Impreza Zilizoshushwa

Majibu haya yanahusu Subaru Impreza WRX na STI za umbo la GD (2000 hadi 2007) na umbo la GR (2007 hadi 2014), ambazo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala huzikosi barabarani zikiwa zimeshushwa na kuvalishwa rimu nyingine. Hesabu zinafaa gari lolote. Kinachobadilika ni vipimo vya kiwandani. Mwenye haraka aanzie swali la 4 na la 8, kabla hajatoa pesa.

## Misingi

1. Namba zilizo ubavuni mwa tairi zina maana gani?

Chukua 215/45R17 91W. Namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita, kuanzia ubavu hadi ubavu, likiwa limejazwa upepo kwenye rimu ya kupimia. Si upana wa kashata zinazokanyaga lami. 45 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya 215, yaani milimita 96.75. R ni muundo wa radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

91 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 615. W ni mwendo wa juu, kilomita 270 kwa saa. Ukitaka kipenyo cha tairi zima, zidisha 17 kwa 25.4, kisha ongeza ubavu mara mbili: 431.8 + 193.5 = milimita 625. Hesabu hiyo utaihitaji karibu kila swali linalofuata.

2. Nitajuaje gari langu lilitoka kiwandani na saizi gani?

Soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usiangalie rimu zilizopo. Gari likishapita mikono miwili mitatu, rimu za asili huenda ziko kwenye gari la mtu mwingine. Hizi ndizo saizi zinazoulizwa sana:

- WRX ya GD, modeli ya 2006 na 2007: 215/45R17 kwenye rimu ya 17x7 (kipenyo na upana kwa inchi), ET55 (ofseti, imeelezwa swali la 4).
- STI ya GD, modeli ya 2004: 225/45R17 kwenye 17x7.5, ET53.
- STI ya GD, modeli ya 2005 hadi 2007: 225/45R17 kwenye 17x8, ET53.
- STI ya GR yenye rimu za inchi 18: 245/40R18 kwenye 18x8.5, ET55.

Ofseti zote hizo ni kubwa. Subaru huingiza rimu ndani sana, ndiyo maana rimu nyingi za madukani hutokeza nje zikifungwa kwenye Impreza, hata zile ambazo muuzaji ataapa kwamba "zinaingia Subaru zote".

3. Rimu yenye matundu matano itaingia tu?

Hapana. Kwanza PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu. WRX za GD na GR ni 5x100. STI ni 5x100 hadi modeli ya 2004, kisha 5x114.3 kuanzia modeli ya 2005. Wanaokosea zaidi ni wenye STI za 2004 na 2005, kwa sababu kwa macho magari yanafanana.

Pili, tundu la katikati. Habu ya Impreza, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ni milimita 56.1. Rimu za Toyota zenye 5x100, kama za Wish, Premio au Caldina, zina tundu la 54.1. Hazikai kwenye habu mpaka zichongwe kwa mashine ya lathe, si kwa faili wala msasa. Rimu za Volkswagen za 5x100 zina 57.1, kwa hiyo zinaingia ila zinacheza kidogo. Weka ringi ya 57.1 kwa 56.1, la sivyo usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa, na hakuna balansi itakayouponya.

Tatu, nati. Stadi (boliti zinazotokeza kwenye habu) za Subaru ni M12x1.25, sawa na Nissan. Za Toyota ni M12x1.5. Nati ya Toyota hukubali mizunguko miwili ya kwanza kwenye stadi ya Subaru, kisha inakaza. Fundi mwenye bunduki ya upepo hataisikia. Atailazimisha na stadi itakatika. Anza kila nati kwa vidole. Angalia pia kikalio cha nati: rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni.

4. Ofseti ni nini, na inabadilishaje mahali tairi linapokaa?

Ofseti, inayoandikwa ET, ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. ET ikiongezeka, linaingia ndani, upande wa shokabzoba.

Kwa kulinganisha rimu mbili, zidisha upana wa inchi kwa 25.4, gawanya kwa 2. Ukijumlisha ET unapata kiasi ambacho rimu inaingia ndani. Ukiitoa unapata kiasi inachotoka nje. WRX ya kiwandani, 17x7 ET55: nusu ya upana ni 88.9, kwa hiyo ndani ni 143.9 na nje ni 33.9. Sasa weka 17x8 ET48: ndani 149.6, nje 53.6. Imeingia karibu milimita 6 na kutoka karibu 20. Hiyo hukaa vizuri kwenye sedani ya GD.

Weka 18x8.5 ET38, rimu inayouzwa sana kwa kuwa "inajaa vizuri". Ndani imeongezeka milimita 2 tu, nje imeongezeka 36. Kwenye GD iliyoshushwa hiyo haipiti bila kukunja ukingo wa madigadi na kuongeza kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele (maswali ya 9 na 10). Wagoni ni nyembamba kuliko sedani: sedani ya GD ina upana wa milimita 1730, wagoni 1695. Usinakili vipimo vya mwenye sedani ukavipeleka kwenye wagoni.

## Kuchagua tairi

5. Nikishapata rimu, nitachagua upana gani wa tairi?

Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu inaoruhusu:

- 215/45R17: rimu ya inchi 7 hadi 8
- 225/45R17: 7 hadi 8.5
- 235/45R17: 7.5 hadi 9
- 245/40R17: 8 hadi 9.5
- 225/40R18: 7.5 hadi 9
- 235/40R18 na 245/40R18: 8 hadi 9.5

Kaa katikati ya nafasi hiyo. Tairi likiwa pana mno kwa rimu, ubavu unavimba, linayumba kwenye kona na kuliwa pembeni. Likiwa jembamba mno, soma swali la 13.

6. Kwa WRX iliyoshushwa kiasi, mngeweka saizi gani?

Rimu ya 17x8 yenye ET45 hadi 48, tairi 225/45R17. Tungeishia hapo. Kipenyo ni milimita 634, milimita 9 tu zaidi ya 215/45R17, na ubavu ni milimita 101, unaotosha kuokoa rimu kwenye shimo ambalo hukuliona usiku wa mvua. Ukikuta linagusa juu, rudi 215/45R17, au nenda 245/40R17 yenye kipenyo cha 628 kama rimu ni inchi 8.5 na upande wa nje una nafasi.

Ukitaka inchi 18, 225/40R18 ina kipenyo cha 637 na ubavu wa milimita 90. 215/40R18 ina 629, karibu kabisa na ya kiwandani, ila ubavu ni 86. Hiyo 235/40R18 inayosifiwa sana ni 645, zaidi kwa milimita 20. Kwenye GD iliyoshushwa, tairi refu hivyo hukaribia kikombe cha springi ndani na ukingo wa madigadi juu. Kwenye STI ya GR, iliyozaliwa na 245/40R18 ya milimita 653, 235/40R18 ni ndogo na inakaa bila shida. Saizi moja, magari mawili, majibu mawili.

7. Spidomita itadanganya kiasi gani?

Kama asilimia ya tofauti ya kipenyo. Kutoka 625 hadi 637 ni asilimia 1.9: mshale ukisoma 100, gari linaenda karibu 102. Odomita nayo inahesabu pungufu kwa kiasi hicho. Ikizidi asilimia 3 tafuta saizi nyingine.

## Gari lililoshushwa

8. Nitapimaje kabla ya kununua?

Hesabu ya swali la 4 inahusu rimu. Kinachogusa ni tairi, kwa hiyo fanya hesabu ya pili. Chukua nusu ya upana wa tairi, jumlisha ET kwa upande wa ndani, toa ET kwa upande wa nje. Kumbuka kwamba kila nusu inchi ya rimu hupanua tairi kwa karibu milimita 5: 225/45R17 hupimwa kwenye rimu ya inchi 7.5, kwa hiyo kwenye inchi 8 lina kama 230.

Mfano: 215 kwenye 17x7 ET55 ni 162.5 ndani na 52.5 nje. 225 kwenye 17x8 ET48 ni 163 ndani na 67 nje. Rimu imeingia milimita 6, lakini tairi limeingia nusu milimita tu. Nje limetoka 14.5. Hapo ndipo unajua kwamba shokabzoba si tatizo, madigadi ndiyo ya kuangalia.

Sasa nenda kwenye gari. Ning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi, pima kutoka uzi hadi ubavu wa tairi lililopo. Ndani, pima nafasi kati ya tairi na shokabzoba, na kati ya tairi na kikombe cha springi. Toa tofauti ulizokokotoa. Ndani acha angalau milimita 5.

Kipimo cha gari lililosimama hakitoshi. Inua gari, weka stendi, toa springi kwenye shokabzoba, rudisha shokabzoba peke yake na gurudumu, kisha pandisha kwa jeki chini ya mkono wa chini mpaka ifike kwenye mpira wa kuzuia. Hapo ndipo gari linapofika likitua kwenye tuta likiwa na abiria wanne. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, kisha katikati. Paka chaki mabegani mwa tairi. Palipogusa chaki itahamia. Kazi hii inakula nusu siku, ila muuzaji anayekubali kukuazima rimu moja ya kujaribia anastahili biashara yako.

9. Tairi linakwaruza. Ni wapi hasa, na nifanye nini?

Sikiliza ni lini. Likikwaruza ukikata kona kwa mwendo wa polepole, mara nyingi ni plastiki ya ndani ya madigadi. Hiyo husuguliwa tu ikang'aa. Ipashe moto kwa mashine ya hewa ya moto, isukume, ishikilie mpaka ipoe. Likikwaruza kwenye tuta au ukipakia watu nyuma, ni chuma, na chuma hukata tairi. Kwenye GD angalia pale bampa ya mbele inapokutana na madigadi, penye kibano, na nyuma pale bampa inapoungana na bodi. Mkanda mwembamba unaong'aa kwenye bega la tairi utakuonyesha linapogusa.

Ukingo wa ndani wa madigadi unaweza kukunjwa kwa roli inayofungwa kwenye habu. Pasha rangi moto kwanza, kunja kidogo kidogo kwa mizunguko mingi. Rangi baridi hupasuka. Ukimaliza, paka praima na silanti upande wa ndani, hasa kama gari linaishi Mombasa, Tanga au Zanzibar. Mkunjo hukusanya matope yenye chumvi, na kutu huanza mahali usipopaona.

Kuongeza springi ngumu ili tairi lisifike juu ni dawa ya muda. Shimo kubwa litalifikisha.

10. Kemba inasaidia?

Inasaidia juu. Kila digrii 1 ya kemba hasi huingiza sehemu ya juu ya tairi kwa karibu milimita 5 hadi 6. Digrii 1 hadi 1.5 mbele hufaa gari la kila siku. Kupita 2, kashata za ndani zitaisha wakati za nje bado mpya, na kwa kuwa hazionekani bila kuinama, wengi hugundua nyuzi zikishatokeza.

Lakini muuaji mkubwa wa matairi kwenye gari lililoshushwa ni tou (matairi kuelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu), si kemba. Ukishusha, mikono ya chini na tairodi hubadilika mwinamo na tou inahama yenyewe. Fanya alaimenti siku hiyohiyo, kisha rudia springi zikishakalia.

11. Nishushe kiasi gani kwa barabara zetu?

Milimita 25 hadi 30 gari bado linatumika. Japani, ambako mengi ya magari haya yametoka, sheria inataka angalau milimita 90 kutoka barabarani hadi chini ya gari. Hiyo ni kwa lami ya Japani. Pima tuta la njia yako ya kila siku kwa rula kabla hujachagua. Kuongeza kipenyo cha tairi kwa milimita 12 kunainua gari 6 tu, kwa hiyo tairi kubwa halitarudisha ulichoshusha.

## Magurudumu yote manne huvuta

12. Naweza kuweka matairi mapana nyuma, au kubadilisha moja tu lililopasuka?

Kwenye Subaru, matairi yote manne yawe saizi moja, chapa moja, aina moja na kashata zenye kina sawa. Subaru inataka mizunguko ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Inaonekana ni nafasi, kumbe sivyo. Milimita 6.4 ya mzunguko ni milimita 1 ya kina cha kashata.

Tuseme matatu yameshalika milimita 3, na unanunua moja jipya. Kipenyo kinapishana milimita 6, mzunguko karibu 19. Mara tatu ya kinachoruhusiwa. Difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Inafidia tofauti hiyo muda wote, inapata joto, na kwenye giaboksi ya manyuo ya WRX kifungio cha mafuta mazito ndani yake hufa. Dalili ya kwanza ni gari kujikaza na kurukaruka ukikata kona kali kwenye maegesho.

Njia zilizopo ni tatu: nunua manne, tafuta moja lililotumika la aina ileile lenye kina kinacholingana, au, penye fundi mwenye mashine, lichongwe jipya lilingane na mengine. Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 yalike sawa. Mapana nyuma achia magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma.

## Mambo ya pembeni

13. Vipi kuhusu tairi jembamba lililovutwa kwenye rimu pana?

Linapendeza kwenye picha na huongeza nafasi chini ya madigadi. Pia huacha ukingo wa rimu wazi bila kinga, hupunguza uwezo wa kubeba, na likikosa upepo kidogo linaweza kutoka kwenye kikalio chake kwenye kona. 215/45R17 kwenye inchi 9 iko nje ya kipimo. Hatuipendekezi kwa gari linalofika kilomita 150 kwa saa bila jasho.

14. Spesa ni salama?

Spesa ni bamba linalowekwa kati ya habu na rimu. Ya milimita 3 hadi 5, yenye mdomo wa kukalia habu, ndiyo, mradi nati ishike mizunguko ya kutosha. Stadi ya milimita 12 inahitaji angalau milimita 12 za uzi, kwa M12x1.25 ni karibu mizunguko 10. Spesa ya milimita 5 inakula minne. Hesabu unapofunga kwa mkono. Isipofika, badilisha stadi kwa ndefu. Spesa nene ziwe za kufungwa na stadi zake. Zote hupunguza ET kwa unene wake, kwa hiyo rudia hesabu ya swali la 4, na utegemee beringi kuchoka mapema.

15. Rimu za inchi 16 au 17 zitapita breki za STI?

Kalipa za Brembo zinataka inchi 17 kwenda juu, na si kila ya 17 inapita. Umbo la spoku ndilo linaloamua, kuliko kipenyo. Chora kalipa kwenye karatasi ngumu, kata, ijaribu ndani ya rimu dukani.

16. Nijaze upepo kiasi gani kwenye saizi mpya?

Anza na ya kibandiko cha mlangoni, pima matairi yakiwa ya baridi. Tairi lenye alama XL (lililoimarishwa kubeba zaidi) hufikia uzito wake kamili kwenye kPa 290, wakati la kawaida hufikia kwenye 250, kwa hiyo usishuke chini ya kibandiko. Ongeza psi 2 hadi 3. Kiwango cha mzigo kisiwe chini ya cha kiwandani.

17. Naangaliaje umri wa tairi na uhalali wa rimu?

Kwenye ubavu wa tairi tafuta namba nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. La mtumba lenye kashata nene na umri wa miaka 8 ni gumu kama mbao kwenye mvua. Pinda ubavu kwa kidole gumba. Mipasuko midogo ikionekana, liache.

Rimu za Japani zina alama ya JWL (kiwango cha usalama cha Japani), na nyingi VIA (alama ya kupimwa) pia. Rimu bandia nazo huchongwa herufi hizo, kwa hiyo alama peke yake haitoshi: mfanye fundi aizungushe kwenye mashine ya balansi kabla ya kuvalishwa tairi, na angalia ukingo wa ndani, ndipo ufa wa kugonga shimo huanzia.

18. Nati zikazwe kwa nguvu gani?

Tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota, gurudumu likiwa limegusa chini kidogo. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi; GD nyingi ni Nm 80 hadi 100, modeli za karibuni ni 120. Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hivi, hasa kama rimu ni mpya na rangi ya kwenye vikalio bado inasagika.